Hukumu ya Miguu Usukumani

Sisi wa visiwani tukisimulia majibizano ya Kamange na Sarahani wa Pemba, hatuulizi walisikilizwa na wangapi. Bariadi, mji mkuu wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na kwa Wasukuma kwa jumla, swali hilo ndilo hukumu yenyewe. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyohesabu asili yake kwa Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja baada ya mavuno; ashindaye ni mwenye watazamaji wengi. Asiyependezwa hanung'uniki wala haandiki tahakiki. Huvuka tu upande wa pili.

Naupenda ukweli huo, ila siuamini wote. Nyoka na dawa za mvuto nazo huvuta watu, na manju mwenye maneno mazito aweza kubaki na wachache. Kwa hiyo nakithamini kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010, chenye nyimbo za Kisukuma zaidi ya 300, ingawa ni za kazi, si za mashindano: humo neno hupimwa bila nyoka. Vumbi la uwanjani silioni humo, wala michembe, vile viazi vitamu vikavu ambavyo, kwa ulimi wangu wa pwani, havijaushinda muhogo wa nazi.