Maji ya Ngarambe Mbele ya Risasi

Asubuhi moja ya mwaka 1904, kama walivyosimulia wazee waliohojiwa miaka mingi baadaye, mtu mmoja wa Ngarambe aliteremka kwa tumbo kutoka nyumbani kwake hadi kwenye kidimbwi, mikono ameinyoosha mbele. Wake zake na watoto wake walikuwa nje wakiota jua. Walimshika miguu wamvute, wasiweze, naye akapiga kelele kwamba wanamuumiza. Akazama. Jina lake lilikuwa Kinjikitile Ngwale.

Kilichofuata kinastahili kusomwa polepole. Ndugu zake hawakukimbilia kusema ni muujiza. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wakamtafuta chini, wasione kitu. Usiku walilala ukingoni wakimngoja, na hoja yao ilikuwa wazi: kama amekufa maji, maiti itaonekana, kama amechukuliwa na mnyama au na pepo wa majini, atarudishwa, hai au mfu. Kesho yake, saa tatu asubuhi, saa ileile aliyozama, Kinjikitile akatoka mzima. Nguo zake zilikuwa kavu, zimefungwa vilevile alivyozifunga jana yake.

Ngarambe iko ng'ambo ya mto Rufiji, kusini-magharibi ya Ikwiriri. Anayetoka Ikwiriri kwenda kusini leo huvuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na kwa dakika chache amekwisha kuuacha mto ambao mababu waliuvuka kwa mitumbwi. Upande wa bahari, kwenye delta, iko Mohoro, palipokuwa na kituo cha serikali ya Wajerumani. Kati ya Ngarambe na Mohoro ndipo swali la ushahidi wa imani lilipoulizwa kwa namna ya kutisha kuliko popote pengine katika historia ya Tanzania. Ajabu ni kwamba habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba waliohusika hawakuuliza swali lolote.

Rufiji ya wakati ule haikuwa na upungufu wa imani. Mungu alijulikana. Chini yake walikuwako wenye nguvu waliosikiliza shida za watu. Bokero alikuwa na mahali pake pa matambiko Kibesa, kwenye maporomoko ya mto Rufiji, na mbali zaidi, katika milima ya Uluguru, alikuwako Kolelo. Watu walikwenda huko na zawadi mkononi kuomba mvua na mavuno. Pwani, Uislamu ulikuwa umekaa kwa karne nyingi, na maneno yake yalikuwa yamepenya bara. Inasimuliwa kwamba baada ya kutoka majini Kinjikitile alisema wafu wote watarudi, wako kwa Bokero. Kwamba simba na chui hawatakula tena watu. Na kwamba watu wote ni wa ukoo mmoja, wa Sayyid Said. Mizimu ya mto na jina la Sultani wa Zanzibar vilikaa pamoja katika mafundisho yake. Pepo aliyempanda aliitwa Hongo, na nyumba kubwa aliyoijenga kwa ajili ya mahujaji iliitwa nyumba ya Mungu.

Watu walimiminika. Habari zilipita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, na Wamatumbi walikuwa na jina la mnong'ono huo: njwiywila. Walichokifuata kilikuwa maji yaliyochanganywa na mahindi na mtama. Yalinywewa, yalipakwa, yalinyunyizwa. Baadaye vita vyote dhidi ya Wajerumani vikaitwa kwa jina la maji hayo: Vita vya Majimaji.

Hapa msomaji wa leo huwa na haraka ya kufika kwenye risasi, ambazo maji hayo yaliaminiwa kuzizuia. Lakini kwa mkulima wa Rufiji risasi haikuwa shida ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa nguruwe. Bonde la Rufiji lina neema ya mafuriko: maji yakipungua, udongo wenye rutuba hubaki, na watu hupanda. Neema hiyo hiyo huita wanyama. Ndiyo maana familia zilihamia mashambani wakati wa mazao na kukaa juu ya madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda usiku na mchana. Serikali ya Wajerumani iliingia katikati ya kazi hiyo kwa sheria za uwindaji zilizowabana wenyeji, na kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, kwa mashamba ya pamoja ya pamba. Mikono iliyopaswa kuwa kwenye dungu ilipelekwa kwenye pamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akipitia nyaraka za wakati ule, ameonyesha kwamba watu wengi waliyatafuta maji ili mvua inyeshe na nguruwe wasiharibu mashamba. Dawa ya namna hiyo mkulima anaweza kuipima mwenyewe. Unainyunyiza, unangoja, unaangalia shamba. Mvua ikinyesha, umepata ushahidi. Isiponyesha, waganga na wazee wana maelezo, na maelezo hayo hayakuwa ya kijinga kuliko maelezo ambayo binadamu wa kila mahali huyatoa dua yake isipojibiwa.

Kwa hiyo maji yalifika mbele ya bunduki yakiwa tayari na sifa, na kosa lilianzia hapo. Sifa iliyopatikana shambani ilihamishiwa mahali ambapo haikuwa imejaribiwa, kwa sababu watu walikuwa wamechoka mno kungoja jaribio dogo.

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wanaume waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali. Haukuwa uharibifu wa mazao tu, lilikuwa tangazo la vita. Kinjikitile hakuwa ametoa amri. Tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga, alinyongwa Mohoro pamoja na mwenzake. Wazee walisema alikwenda kwenye kitanzi akiwaambia Wajerumani kwamba wamechelewa, dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Mahenge ilifikiwa kweli. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliikabili boma yenye bombomu. Walikuja kwa safu, mchana, juu ya ardhi iliyo wazi, kama wanavyokuja watu wenye hakika. Mamia walianguka. Mtu anaposoma habari za asubuhi ile hapaswi kuharakisha. Wale walikuwa watoto wa watu, na kila mmoja wao aliona kwa macho yake kwamba aliye mbele yake ameanguka na hainuki.

Je, walioona waliacha kuamini? Wengine ndiyo. Kuna mahali watu walitupa dawa na kurudi makwao, na kuna mahali walibadili namna ya kupigana, wakaingia msituni na kuacha kusimama mbele ya boma. Wengine walieleza: fulani alivunja mwiko, alilala na mwanamke, alipora mali, dawa hii haikutengenezwa na mwenyewe, waliolala watafufuka. Hoja hizo zilinunua muda, na muda huo ukaisha pamoja na waliozitoa. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mazao, na njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyezitafiti habari hizi kuliko wengi, aliona idadi halisi ilifika kati ya 250,000 na 300,000.

Maji hayakuzuia risasi. Hilo lazima lisemwe bila kumung'unya maneno, kwa heshima ya waliokufa.

Lakini pia lazima isemwe kwamba Rufiji haikuwa kisiwa cha ujinga. Desemba 1890, huko Wounded Knee, Marekani, wapo Walakota waliokufa wakiwa wamevaa mashati waliyoamini hayapenyeki kwa risasi. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba mashariki mwa Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, walikwenda vitani na dawa wakipaza sauti ya Mai Mulele, yaani maji ya Mulele. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena wa Uganda, waliopakwa mafuta, walifika karibu na Jinja kabla ya kusambaratishwa. Penye mwenye bunduki na asiye nayo, dhulma ikizidi kipimo, ushahidi unaodaiwa hupungua. Mtu aliyebanwa hana nafasi ya kujaribu dawa mara kumi.

Na kushindwa kwa maji hakukuzaa wakana Mungu. Wanaotazamia kwamba ushahidi ukianguka imani nayo huanguka hawatapata mfano wao Rufiji. Katika miaka iliyofuata, kusini-mashariki yote ya Tanganyika, watu wengi wa vijijini waliingia katika Uislamu, na wengine waliingia misheni. Mganga fulani na maji fulani ndivyo vilivyoshindwa katika hukumu. Mungu hakushtakiwa. Katika Afrika Mashariki, kumkana Mungu hadharani kama kundi lenye jina na katiba ni jambo la juzi tu: chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Nairobi Februari 2016, na miezi miwili baadaye usajili wake ukasitishwa kwa muda baada ya malalamiko. Bara lilikuwa na wenye shaka tangu zamani. Shaka yao ilielekezwa kwa mganga, kwa dawa, kwa mtu anayedai.

Swali la ushahidi lilirudi kwa mlango mwingine, wa wanahistoria. Wakoloni waliandika kwamba vita vilitokana na ushirikina. Desemba 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Julius Nyerere aliikataa kauli hiyo. Kwake watu walipigana kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Alikuwa sahihi, na taifa lililokuwa linazaliwa lilihitaji kuambiwa hivyo. Lakini katika kuwaondolea mababu aibu ya ushirikina, imani yao nayo ilipauka. Kinjikitile akawa shujaa wa umoja, na maji yakawa mbinu yake. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, Kinjeketile, alimpa mashaka na majuto, na mwenyewe alieleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Wasomaji wengi wamesahau onyo hilo, wakamchukua Kinjeketile wa jukwaani kuwa ndiye Kinjikitile wa Ngarambe. Sunseri naye akauliza swali zito: kiasi gani cha habari za Kinjikitile kinatoka mwaka 1905, na kiasi gani kinatoka kwenye miaka ya uhuru? Maana jina lake limetufikia zaidi kwa vinywa vya wazee kuliko kwa kalamu za maofisa, ambao waliandika sana habari za Bokero na za waganga kwa jumla.

Ni swali la haki, na halifuti ushuhuda wa wazee. Linatulazimisha kuwasikiliza vizuri zaidi.

Miaka ya 1960, Gwassa na baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda vijijini wakati wa likizo waliketi na watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Wazee hao walikuwa wamezika ndugu. Walikuwa wamekula mizizi ya porini wakati wa njaa. Wengi wao walikuwa Waislamu. Walisimulia bila kuficha jinsi maji yalivyoshindwa, mahali gani, na nani alianguka. Halafu, walipofika kwenye habari ya mtu aliyezama kidimbwini na waliopiga mbizi wasimwone, bado walisema kwamba kesho yake, saa tatu asubuhi, alitoka na nguo zake zilikuwa kavu.