Bajaji na Kipanya

Fungueni madaftari, mwandike neno moja: ba-ja-ji.

Ninyi mlioko Tunduma mnalijua. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapopanga foleni mpakani, bajaji hupenya kando na abiria wake. Je, jina hili lilitoka wapi?

Ni jina la mtu. Jamnalal Bajaj alikuwa mfanyabiashara wa India. Alizaliwa mwaka 1889, akafa mwaka 1942, naye alifuatana na Mahatma Gandhi katika kudai uhuru. Kampuni yenye jina la ukoo wake iliunda vyombo hivi. Watu wetu walilisoma jina hilo, wakaliongezea irabu mwishoni, kwa kuwa maneno ya Kiswahili huishia na irabu. Leo hata chombo cha kampuni nyingine huitwa bajaji. Wenzetu wa Kenya husema tuktuk, kwa kuufuata mlio wake.

Lakini chombo chenyewe kina asili nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa Italia walikuwa maskini, hawakuweza kununua magari. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ikatoa chombo cha magurudumu matatu, ikakiita Ape, maana yake nyuki: mdogo, lakini mchapakazi. Baadaye kampuni ya Bajaj ikafanya kazi kwa kibali cha Piaggio.

Sasa andikeni: ki-pa-nya. Dar es Salaam, daladala ndogo ziliitwa vipanya. Waitalia nao walikuwa na gari dogo la Fiat la mwaka 1936. Walilipa jina la Topolino, yaani kipanya! Watu wa mbali, fikira moja.

Lakini, ndugu zangu, udogo una hatari yake. Dereva wa lori hukaa juu; kilicho chini ubavuni mwake huenda asikione. Na bajaji haina bati la kumkinga abiria ubavuni. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Kiti cha nyuma ni cha watu watatu. Ukiwa wa nne, ngoja nyingine. Nauli hupatikana tena, uhai haupatikani.

Zoezi: someni kwa sauti gari, kigari, vigari, panya, kipanya, vipanya. Kisha kila mmoja aandike jina la chombo kilichomleta darasani.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.