Njia Zilipita Chini, Rungwe Ukabaki Juu

Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, hakuna anayewaza vilele. Watu wanawaza ushuru, mihuri na mafuta. Mlima unaotajwa sana mkoani Songwe ni Senjele, na unatajwa kwa sababu ya barabara: madereva wanaujua kwa magari yaliyofeli breki. Anayetaka mlima wenyewe hana budi kushika njia ya mashariki, apite Vwawa, Mlowo na Mbalizi, kisha akate kuelekea Tukuyu. Huko ndiko uliko Rungwe, volkano iliyolala yenye urefu wa mita zipatazo 2,960.

Historia ya ukanda huu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ni historia ya watu waliokuwa na haraka ya kupita. Konsuli Mwingereza Frederic Elton alikatiza milima hii mwaka 1877 na hakufika mbali; alifia Ugogo Desemba mwaka huohuo. Joseph Thomson naye alipita kutoka Nyasa kwenda Tanganyika mwaka 1879. Mwaka 1881 ikaanza kazi ya barabara ya Stevenson kutoka Karonga, iliyopita karibu na mahali ilipo Tunduma leo, na katika mkataba wa 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza wakaufanya mto Songwe kuwa sehemu ya mpaka wao. (Iko mito miwili yenye jina hilo: huu unaingia Nyasa, mwingine unakwenda Rukwa.) TAZARA ilipojengwa, 1970 hadi 1975, nayo ilitafuta mahali pepesi pa kupita.

Waliokaa hapo ndio walioutazama mlima. Karibu na Rungwe kuna Lubaga, msitu wa matambiko wa Wanyakyusa, unaohusishwa na Lwembe, mtawala aliyeheshimiwa kama chemchemi ya mvua na rutuba. Monica na Godfrey Wilson waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na mambo hayo yakaandikwa kwa kina. Wamisionari wa Moravian, walipofika mwaka 1891, walijenga chini ya mlima na kituo wakakiita Rungwe. Na msitu wa mlima huo ulijua kutunza siri. Wawindaji walimtaja nyani wa huko, kipunji, kabla wataalamu hawajamwona mwaka 2003 na kumtangaza kwa dunia 2005.

Hatari ya Rungwe, kwa maoni yangu, inaanzia kwenye dharau. Kilimanjaro, mita 5,895, unaogopwa: mgeni hapandi bila mwongozaji, na kila mtu amesikia habari za hewa nyembamba na maumivu ya kichwa. Rungwe hauna sifa hiyo. Urefu wake kwa kawaida haumlazi mtu mwenye afya, basi vijana huondoka Tukuyu na viatu vya raba, chupa moja ya maji na simu yenye chaji nusu.

Kinachowapata ni mvua. Miteremko ya kusini hupokea maji mengi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na kutoka Tukuyu hadi kileleni baridi huongezeka kwa nyuzi takriban nane. Aliyelowa shati akasimama kwenye upepo anaweza kufa kwa baridi bila hata barafu kuonekana. Kwanza anatetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, vidole vinashindwa kufunga kifungo, na akili inapungua bila mwenyewe kujua. Akiacha kutetemeka, wenzake wasifurahi: hali imekuwa mbaya zaidi. Ukungu nao hushuka ghafla, na ndani ya mianzi njia ya watu na njia ya wanyama hufanana. Kupotea hutokea zaidi wakati wa kushuka, jioni, miguu ikiwa imechoka na udongo umeshalainika.

Radi nayo ni hatari, ila sina haja ya kuieleza kwa mtu wa ukanda huu.

Jambo lisilosemwa sana ni la chini ya ardhi. Miaka kama 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu hadi Ziwa Nyasa. Tabaka lake bado laonekana kwenye kingo zilizokatwa za barabara. Kyejo, jirani yake, ulitoa lava miaka ipatayo 200 tu iliyopita. Hewa ukaa bado inatoka ardhini huko, mpaka inavunwa kwa matumizi ya viwandani. Hewa hiyo ni nzito na haina rangi. Siku isiyo na upepo hutuama mabondeni, na huko Goma, ambako imeua watu na mifugo, wanaiita mazuku. Kwa hiyo mtu asichague shimo tulivu kuwa mahali pa kulala, hata kama linamkinga na baridi.

Msimu mzuri wa kupanda ni Juni hadi Oktoba. Hata hivyo, Julai usiku hukata mifupa, na kuanzia Septemba nyasi za mlima mwingine wa eneo hili, Mbeya Peak, kilele cha zaidi ya mita 2,800 upande wa Usafwa, zimekauka. Moto ukiwashwa shambani chini, hupanda mlima haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Njia ya kuuponyoka ni kusogea ubavuni mwake, au kwenda palipokwisha kuungua.