Mvulana, Miaka 5: Watoto Wasio na Majina Walioifundisha Dunia Kuhusu Saratani

Wadau, leo tunawaacha mastaa wapumzike kidogo. Kuna watu ambao hawana akaunti Insta, hawajaimbwa na mtu, hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lao, lakini habari yao inakugusa mpaka wewe unayesoma hapa na simu mkononi. Wengi wao walikuwa watoto wadogo. Ukiwatafuta vitabuni utakutana na maneno machache tu: mvulana, miaka 5, uvimbe wa taya.

Tuanze na jambo moja ili twende sawa. Madaktari wana maandishi yao wanayaita ripoti ya kisa. Mgonjwa akija na kitu cha ajabu, daktari anaandika umri, jinsia, alianza kuumwa lini, alionekanaje, alipewa dawa gani na ikawaje. Akifariki na maiti ikachunguzwa, inaongezwa sehemu ya pili: ini lilikutwaje, figo zilikuwaje, uvimbe ulikuwa wapi. Jina halitajwi. Kisa kimoja peke yake kinaweza kuonekana stori ya kijiweni tu. Vikifika ishirini, thelathini vinavyofanana, hapo ndipo watu wanashtuka kwamba kumbe huu ni ugonjwa.

Stori ya leo wala haikutokea mbali. Ni hapo Kampala.

Mulago, 1957

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell akamwangalie mtoto wodini. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, jicho moja alilipoteza tangu akiwa mdogo. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitano. Uso ulikuwa umevimba kulia na kushoto, taya la juu na taya la chini. Yaani sehemu nne kwa mpigo.

Hapo ndipo daktari alipokwama. Uvimbe wa sehemu moja unaweza kuwa jino lililooza au usaha. Sehemu nne kwa wakati mmoja? Hakuwa na jibu. Akampiga picha, akaandika alichokiona.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine nje, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumpima, na huyo akakutwa na uvimbe tumboni pia. Hapo Burkitt akarudi Kampala na swali moja kichwani: hawa watoto wako wangapi?

Mochwari ilikuwa inajua

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Jibu lilikuwa tayari lipo, ila lilikuwa limelala kwenye mafaili.

Pale Kampala kulikuwa na mwanapatholojia anaitwa Jack Davies. Tangu miaka ya 1950 mwanzoni alikuwa anasimamia daftari la wagonjwa wa saratani, na idara yake ilikuwa inachunguza maiti nyingi na kuandika kila kitu kwa utaratibu. Watoto wenye uvimbe wa taya walikuwepo humo. Walikuwepo pia wenye uvimbe wa figo, wa ini, wa jicho, wa mayai ya uzazi. Kila mmoja alikuwa ameandikwa kivyake kama vile ni ugonjwa tofauti, kwa sababu kila daktari alitazama kiungo chake. Huyu wa macho anaandika jicho, yule wa tumbo anaandika figo.

Uchunguzi wa maiti ndio ulioziunganisha. Mwili mzima ukiwa mezani, taya na figo na ini vinaonekana kwa pamoja, na mtoto aliyeandikwa taya unamkuta na uvimbe uleule tumboni. Kwenye darubini seli zilifanana kabisa. Zilikuwa zimebanana, nyeusinyeusi, na katikati yake vidoa vyeupe kama nyota usiku. Mpaka leo wanapatholojia wanauita mwonekano huo anga la nyota.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha ripoti yenye watoto 38. Yeye alidhani ni aina ya sarkoma. Davies na Mmarekani mmoja, George O'Conor, wakaupitia tena ushahidi wa maabara na mochwari, wakaonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Wakaonyesha pia kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto kwenye daftari lao zilikuwa ni hii. Kitu kilichoonekana kioja cha mtoto mmoja kumbe ndicho kilichokuwa kinaongoza kwa kuua.

Gari bovubovu na ramani

Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia gari la Ford lililokwishatumika na kuanza safari. Walizunguka wiki 10, kama kilomita 16,000, kutoka Uganda kushuka kusini kupitia Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na kwingineko. Waliingia hospitali zaidi ya 50 wakiwa na picha mkononi na swali lilelile: mtoto kama huyu mmewahi kumwona hapa?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ugonjwa ulijichora wenyewe. Ulikaa kwenye mkanda wa joto na mvua, sehemu za tambarare. Ukipanda milimani kwenye baridi unapotea. Kwa kifupi, ulipenda mahali mbu anapopenda. Halafu angalia hii: Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kweli, ugonjwa ulikuwa nadra japo joto na mvua vilikuwepo. Hapo ndipo watafiti walipoanza kuishuku malaria.

Ndege iliyokwama kwenye ukungu

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London. Mtafiti kijana, Anthony Epstein, alikuwepo ukumbini. Aliposikia ugonjwa unafuata joto na mvua, akahisi kuna kirusi nyuma yake. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka. Kilikuwa ni cha kutupwa. Epstein akatazama kwanza kwenye darubini, akakuta uchafu ule ni seli za uvimbe, hai kabisa, zinaelea. Kwa mara ya kwanza waliweza kuziotesha maabara, na 1964 kirusi kikaonekana.

Leo kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Barr ni Yvonne Barr, aliyefanya kazi hiyo pamoja na Epstein na Bert Achong. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na usikimbie: zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho, kinapita kwenye mate, na wengi hakiwafanyi chochote. Uwezekano mkubwa ni kwamba na wewe unacho hapo ulipo. Shida inakuja pale mtoto anapokipata mapema, halafu malaria inampiga tena na tena mpaka kinga yake inashindwa kukidhibiti.

Ili kuthibitisha jambo hilo, miaka ya 1970 mwanzoni watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 kaskazini-magharibi mwa Uganda, eneo la West Nile, kisha wakasubiri. Watoto 14 kati yao waliugua baadaye, na damu yao ya zamani ikaonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimewakamata vikali kabla ya uvimbe kutokea. Hebu piga hesabu: watoto elfu arobaini na mbili, na hatumjui hata mmoja.

Jina la nani?

Ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt. Kirusi kina jina la Epstein na Barr. Hata seli zilizooteshwa ziliitwa EB, herufi za watafiti, wakati zilitoka kwenye mwili wa mtoto wa Uganda.

Siwasemi vibaya hao madaktari. Burkitt mwenyewe aligundua kwamba dawa za saratani, hata dozi chache, zinaweza kuuyeyusha uvimbe ule, na watoto kadhaa wakapona moja kwa moja wakati ambapo saratani nyingi za watoto zilikuwa hukumu ya kifo. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago mwaka 1967. Na kuficha jina la mgonjwa ni heshima. Hakuna anayetaka uso wa mwanaye uliovimba uzunguke kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ila kuficha jina ni jambo moja na kumfuta mtu ni jambo lingine. Hata Ulaya yalitokea. Mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyeweza kutamka neno moja tu, "tan". Vitabu vikamwita Tan. Ubongo wake ukahifadhiwa makumbusho, lakini maisha yake kama Louis Victor Leborgne yalikuja kuandikwa vizuri 2013, baada ya miaka 152.

Mwaka uleule kirusi kilipotangazwa, 1964, madaktari wa dunia walipitisha Azimio la Helsinki, linalosema mtu hafanyiwi utafiti bila kueleweshwa na kuridhia. Leo majarida mengi ya tiba hayachapishi ripoti ya kisa bila ridhaa ya mgonjwa au familia. Kwa hiyo siku daktari akikuomba ridhaa hiyo, au akiiomba familia ruhusa ya kuchunguza maiti, uliza maswali yako yote. Una haki ya kukataa. Ukikubali, jua kwamba mstari mmoja wa faili unaweza kumponya mtoto wa mtu usiyemjua.

Na hili mlichukue kama lilivyo: uvimbe huu unakua haraka mno, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Ukimwona mtoto taya au tumbo linavimba, usiishie kwenye dawa ya jino wala kwa mganga. Mpeleke hospitali leo. Unatibika ukiwahiwa, na wanaochelewa bado wanakufa, wakati mvulana wa Mulago alishatuonyesha dalili tangu 1957.

Mnaonaje wadau, ugonjwa upewe jina la aliyeugundua au la mahali alipoumwa wa kwanza? Na ingekuwa ndugu yako, ungeruhusu maiti ichunguzwe? Dondosha maoni yako hapo chini.