Tundu la Ufunguo: Mume, Mke na Nyumba katika Filamu za Buñuel

Filamu ya Él, iliyotoka Mexico mwaka 1953, inaanzia kanisani, Alhamisi Kuu. Padre anaosha miguu ya vijana na kuibusu. Francisco Galván, bwana wa makamo, tajiri, mcha Mungu ambaye hajapata kuoa, anaiacha miguu ile na kuanza kutazama viatu vya waumini. Macho yanapita, yanasita, yanarudi kwenye viatu vya mwanamke mmoja. Anapouinua uso amekwisha kumchagua. Gloria hajaulizwa lolote.

Sifa za filamu hii hupewa mwongozaji Luis Buñuel, Mhispania aliyekuwa uhamishoni, naye anazistahili. Lakini kisa ni cha mwanamke. Mercedes Pinto, mzaliwa wa Tenerife, alitoa mhadhara Madrid mwaka 1923 akiitetea talaka kama kinga ya afya. Udikteta wa Primo de Rivera ukamwandama, akahamia Uruguay. Huko Montevideo, mwaka 1926, akachapisha riwaya ya Él, iliyochotwa kwenye ndoa yake na mume aliyeugua wivu. Kumtaja Buñuel na kumsahau Pinto ni kumdhulumu mara ya pili.

Wivu huo Buñuel anauonyesha kwa vitu vya nyumbani. Wakiwa fungate hotelini, Francisco anaamini kuna mwanamume anayewachungulia, akachomeka sindano ndefu kwenye tundu la ufunguo amtoboe jicho. Baadaye anampiga mkewe risasi za bandia ili kumtisha. Gloria anamwendea mama yake. Mama amekwisha kusikia maneno ya mkwewe, anamtaka binti avumilie. Anamwendea padre, padre anamkaripia yeye. Hapo ndipo filamu inapouma. Kichaa ni mmoja, lakini watu wenye heshima zao ndio wanaomshikia mlango. Mwaka huohuo wa 1953, filamu ilipotoka, wanawake wa Mexico walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa. Ndani ya nyumba, kauli ilibaki ya bwana.

Viridiana, ya mwaka 1961, ilipigwa Hispania, chini ya udikteta wa Franco. Don Jaime anamvisha mpwa wake Viridiana, mnovisi, gauni la harusi la marehemu mkewe, kisha anamlewesha dawa kwenye kinywaji. Asubuhi anamdanganya kwamba amekwisha kumwingilia, ili asiweze kurudi utawani. Uongo tu unatosha kumfunga. Wakaguzi waliukataa mwisho wa awali, ambamo Viridiana anabisha hodi kwa binamu yake na mlango unafungwa nyuma yake. Buñuel akawaketisha mezani wakicheza karata, na mtumishi Ramona akiwa wa tatu. Maana ikazidi kuwa nzito. Filamu ilipata Palme d'Or huko Cannes, Vatikani ikaing'aka, na Hispania ikaipiga marufuku hadi 1977.

Tristana ilifuata mwaka 1970, wakati mke wa Kihispania bado alihitaji idhini ya mumewe ili kuajiriwa au kufungua akaunti benki. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1975. Don Lope, mlezi wa yatima Tristana, anamgeuza kimada, na baada ya miaka mingi, mguu wa binti ukiwa umekatwa, anamwoa. Usiku mmoja wa theluji mzee anapatwa na shambulio la moyo. Tristana anainua simu, anajifanya kumwita daktari. Kisha anakwenda dirishani, analifungua wazi, baridi inaingia.