Injini za Jackass Flats

Julai 1959, huko Jackass Flats kwenye jangwa la Nevada, Wamarekani waliwasha Kiwi-A, mtambo wa nyuklia wa kujaribu injini ya roketi, uliopewa jina la ndege asiyeruka. Jina liliufaa: ulifungwa chini, mdomo ukielekea angani. Haidrojeni ilipita kwenye kiini cha urani, ikapata joto kali, ikafyatuka nje bila chochote kuungua ndani ya mtambo.

Kwa kila kilo ya fueli, njia hii hutoa msukumo karibu mara mbili ya roketi bora za kemikali. Baada ya jaribio, mtambo uliojaa mionzi ulivutwa na treni ya mwendo wa kobe hadi kwenye jengo la kuufungulia. Juni 1968, mtambo mwingine, Phoebus 2A, ulivuka nguvu ya megawati 4,000.

Lakini roketi ya kemikali, Saturn V, ndiyo iliyotangulia kufika Mwezini. Safari ya Mars, iliyokusudiwa kutumia injini za nyuklia, ikakosa fedha, na mwaka 1973 mradi wa injini hizo ukafungwa.