Ramani ya Kibera na leseni yangu
Nilipoacha chuo nilibaki na maandishi tu. Kwa hiyo nilipofungua tovuti yangu, nikiwa Kawangware na bando la mwisho, swali la leseni lilinikaba koo: nimruhusu yeyote ayachukue, hata akiyauza?

Roho ilisema zuia biashara. Halafu nikakumbuka Kibera. Hadi 2009, kwenye ramani nyingi mtaa huo ulikuwa karibu doa tupu. Novemba hiyo, vijana wa huko walizunguka na GPS katika mradi wa Map Kibera, wakaandika vichochoro, vyoo, zahanati na sehemu za kuteka maji, wakaviweka kwenye OpenStreetMap. Leseni ya ramani hiyo wakati ule, ya Creative Commons, haikukataza biashara. Ilidai utaje ulikotoa, na ukitengeneza kitu kutokana nayo, ukiachie wengine kwa masharti yaleyale. Mwaka 2012 ramani ilihamia leseni nyingine, lakini madai hayo mawili yalibaki.

Sharti la kuzuia biashara lingemfungia pia mama wa fotokopi wa River Road anayetaka kuuza hadithi yangu shilingi 20. Na bila leseni yoyote, sheria ya Kenya ingeifunga mpaka miaka 50 baada ya kifo changu. Nani atangoja, jamani?

Nikachagua ile ya vijana wa Kibera. Haibatilishwi, aliyechukua amechukua. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, kodi ya nyumba bado sijalipa.